Nyumba ya Ukoo na Waliobaki Nje: Sinema ya Kimalayalam na Historia ya Jamii ya Kerala

Kauli kwamba fasihi ni kioo cha jamii imerudiwa mara nyingi katika uhakiki wa Kiswahili hata imekuwa kama salamu: hutolewa kabla ya mazungumzo kuanza, na hakuna anayesubiri jibu. Inapohamishiwa kwenye sinema, kauli hiyo huelekea kuaminika zaidi, maadam kamera hunasa uso, nyumba na njia jinsi vilivyo. Lakini kioo hakijishiki chenyewe. Yuko aliyekishika, yuko aliyesimamishwa mbele yake, na yuko aliyeamriwa asogee pembeni asionekane. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kurejelea sinema ya lugha ya Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala lililo kusini-magharibi mwa India. Pwani hiyo, iitwayo Malabar, si ngeni katika historia ya Afrika Mashariki; ndiko Vasco da Gama alikoelekezwa na rubani aliyempata Malindi mwaka 1498, akafika karibu na Kalikuti mwezi Mei wa mwaka huo. Sinema yake imesifiwa na wengi kwa uhalisia na kwa ukaribu wake na maisha ya watu wa kawaida. Sifa hiyo ina msingi. Hata hivyo, ni sinema ambayo historia yake ilianza kwa kumfukuza mwigizaji wake wa kwanza wa kike.

Mwigizaji huyo alijulikana kwa jina la P. K. Rosy. Alikuwa mwanamke wa jamii ya Pulaya, mojawapo ya jamii zilizohesabiwa kuwa najisi katika mpangilio wa kasta, yaani matabaka ya kurithiwa kwa kuzaliwa. J. C. Daniel, aliyeelekeza filamu bubu ya Vigathakumaran mwishoni mwa miaka ya 1920, alimpa nafasi ya kuigiza mwanamke wa jamii ya Nair, tabaka la wamiliki wa ardhi. Filamu hiyo ilipoonyeshwa mjini Thiruvananthapuram (wapo wanaosema ni mwaka 1928, na wapo wanaosema ni 1930), watazamaji wa tabaka la juu walighadhibika kumwona mwanamke wa chini amevishwa heshima yao. Mawe yalirushwa ukumbini. Rosy alilazimika kukimbia, akaishia upande wa Watamil na hakuigiza tena. Daniel naye alifilisika. Hakuna nakala ya filamu hiyo iliyosalia.

Kisa hiki kinastahili kuwekwa mwanzoni kwa sababu kinabainisha kilichokuwa kikigombewa. Waliorusha mawe hawakukerwa na hadithi. Walikerwa na mwili wa mtu fulani kuonekana ndani ya nyumba fulani, hata kama nyumba yenyewe ilikuwa ya kuigiza. Tangu hapo, historia ya sinema ya Kimalayalam inaweza kufuatiliwa kwa kuitazama nyumba: ni ya nani, nani anaingia kwa mlango wa mbele, nani anabaki uani, na nani haruhusiwi hata kukanyaga njia inayoielekea.

Nyumba iliyotawala fikra za jamii hiyo iliitwa tharavadu. Kwa Wanair na jamii nyingine kadhaa, tharavadu ilikuwa makao ya ukoo uliofuata uzawa wa upande wa mama. Mali ilikuwa ya ukoo mzima, ikapita kutoka kwa wanawake hadi kwa watoto wao, ilhali usimamizi ulishikwa na mwanamume mkubwa wa ukoo, karanavan, ambaye kwa kawaida alikuwa mjomba. Msomaji wa pwani ya Kenya anayekumbuka jinsi Wadigo walivyorithiana zamani hatahitaji maelezo mengi kuhusu uzito wa neno hilo mjomba. Nyumba ilikuwa ya akina mama, lakini funguo za ghala zilining'inia kiunoni mwa mjomba. Sheria ya Travancore ya mwaka 1925 iliruhusu mali ya ukoo wa Kinair igawanywe, na kugawanywa kukawa ndiyo kawaida. Mwaka 1975 bunge la Kerala likapitisha sheria ya kufuta kabisa umiliki huo wa pamoja. Kati ya miaka hiyo miwili jamii nzima iligeuka. Jimbo la Kerala liliundwa tarehe 1 Novemba 1956, na mwaka uliofuata wapigakura wakaichagua serikali ya kikomunisti iliyoongozwa na E. M. S. Namboodiripad. Serikali hiyo iliondolewa na serikali kuu mwaka 1959, lakini mageuzi ya ardhi iliyoyaanzisha hayakuzimika. Kufikia tarehe 1 Januari 1970 ukabaila wa upangaji ardhi ulikuwa umekwisha kisheria.

Sinema haikuwa tayari kuyapokea mabadiliko hayo tangu mwanzo. Balan, filamu ya kwanza yenye sauti katika Kimalayalam (1938), ilitengenezwa Salem, katika nchi ya Watamil, na kwa miaka mingi Madras ndiyo iliyokuwa karakana ya sinema ya Wamalayali. Nyimbo, mavazi na hata mahadhi ya mazungumzo yalikopwa. Ni Neelakuyil (1954) iliyoileta kamera nyumbani. Filamu hii, iliyoelekezwa na P. Bhaskaran na Ramu Kariat kutokana na hadithi ya mwandishi Uroob, inamhusu Neeli, msichana wa tabaka la chini, na mwalimu wa shule wa jamii ya Nair anayempa mimba kisha akamkana kwa kuchelea aibu. Neeli anakutwa amekufa karibu na reli, na kando yake mtoto mchanga aliye hai. Anayemchukua mtoto huyo na kumlea, huku kijiji kikimsuta, ni mpeleka barua. Uteuzi wa mhusika huyu una maana. Mpeleka barua ndiye mtu ambaye kazi yake humpitisha kwenye kila mlango, wa juu na wa chini. Ni mtumishi wa dola mpya isiyouliza kasta ya anayeandikiwa barua. Mwishowe mwalimu anamkubali mwanawe. Watazamaji walitoka wakilia, na filamu ikatunukiwa nishani ya fedha ya Rais wa India. Lakini haifai kupuuzwa kwamba ili mtoto aingie nyumbani, mama yake alipaswa kwanza kufa. Upatanisho uliwezekana baada ya Neeli kuondolewa, na aliyemwigiza hakuwa mtu wa jamii yake.

Chemmeen (1965), iliyoelekezwa na Ramu Kariat kutokana na riwaya ya Thakazhi Sivasankara Pillai ya mwaka 1956, inatoka kabisa kwenye nyumba za wenye ardhi na kwenda ufuoni. Ni hadithi ya Karuthamma, binti wa mvuvi, na Pareekutty, mfanyabiashara Mwislamu, ambao mapenzi yao yanazuiwa na imani kwamba usafi wa mke aliyeachwa pwani ndio unaomlinda mumewe baharini. Ilikuwa filamu ya kwanza kutoka kusini mwa India kupata nishani ya dhahabu ya Rais. Sifa zake zimeandikwa vya kutosha. Linalohitaji kusemwa ni kwamba pwani ya Chemmeen ni pwani ya hatima. Bahari inaadhibu, na wavuvi wanaonekana kama watu walio nje ya historia, wakati ambapo bara, maili chache tu kutoka hapo, wakulima walikuwa wakigombea hati za mashamba. Uzuri wake mkubwa unaficha kimya hicho.

Kizazi kilichofuata kilianza kuikaribia nyumba kwa jicho kali zaidi. Mwaka 1965 Adoor Gopalakrishnan na wenzake walianzisha Chitralekha, chama cha wapenda filamu, na vyama vya namna hiyo vikaenea katika jimbo lililokuwa tayari na maktaba za vijijini na wasomaji wengi wa magazeti. Mtazamaji aliyekwisha kusoma riwaya na kuhudhuria tamthilia za kisiasa hakuridhika na nyimbo za kukopa. Katika Nirmalyam (1973), mwandishi M. T. Vasudevan Nair, ambaye hapo alikuwa anaelekeza filamu kwa mara ya kwanza, anaonyesha hekalu la kijiji lililopoteza walezi wake. Mganga wa mungu wa kike, ambaye kazi yake ni kupagawa na kutabiri, hana chakula nyumbani. Anapogundua kwamba mkewe amejitoa kwa mkopeshaji ili watoto wale, anajikata kipaji kwa upanga mbele ya sanamu na kuitemea damu usoni. Ni tendo la kufuru, na pia ni malalamiko ya mfanyakazi ambaye hajalipwa. Kabaila aliyekuwa akilisha hekalu amefilisika, na hakuna aliyefikiria mtumishi wa hekalu atakula nini.

Ila ni katika Elippathayam (1981), yaani Mtego wa Panya, ambapo nyumba yenyewe inageuka kuwa mhusika. Adoor Gopalakrishnan anamweka Unni, mrithi wa mwisho wa tharavadu, pamoja na dada zake wawili wasioolewa. Dada wa tatu, aliyeolewa, huja kudai sehemu yake ya mavuno. Unni hafanyi kazi. Hukata kucha, hupaka mafuta, husoma gazeti barazani. Akisafiri kwenda arusini, anafika kwenye dimbwi njiani, anaviangalia viatu vyake, kisha anarudi nyumbani. Wezi wanaiba nazi shambani, naye haendi kutazama. Kila kitu hufanywa na Rajamma, dada wa kati: maji ya kuoga, chai, kupika, kufua. Mdogo, Sridevi, ndiye anayetega panya na kuwazamisha bwawani. Sridevi anatoroka, Rajamma anaugua mpaka anabebwa na kuondolewa, naye Unni, bila mtu wa kumhudumia, anajifungia ndani hadi watu wanapoivamia nyumba usiku, wanamkokota na kumtupa katika bwawa lile lile. Anatoka majini mikono imekunjwa kwa kuomba.

Filamu hii ilipata tuzo ya Sutherland mjini London mwaka 1982, na wahakiki wengi wameisoma kama istiara ya kufa kwa ukabaila. Usomaji huo ni sahihi lakini haujakamilika. Ukabaila hapa haufi kwa sababu wakulima wamepata ardhi. Mageuzi ya ardhi hayatajwi kwa sauti. Unakufa kwa sababu Rajamma ameishiwa na nguvu. Mali ambayo kisheria na kimila ilipita kwa wanawake ililiwa na mwanamume aliyekaa barazani, na mwanamke aliyeibeba nyumba ndiye wa kwanza kuanguka. Kwa kuliweka jambo hilo katika sauti za ndoo, mlango na nyayo badala ya hotuba, mwelekezi amesema juu ya uchumi wa jamii yake zaidi ya walivyosema wengi waliotumia msamiati wa tabaka waziwazi.

Lingetarajiwa kwamba baada ya Elippathayam hakuna ambaye angeweza kumrudisha kabaila kama shujaa. Kinyume chake ndicho kilichotokea. Katika Devasuram (1993) na Aaraam Thampuran (1997), mwigizaji Mohanlal anamwigiza bwana wa jumba kubwa, mpenda ugomvi na ngoma, ambaye ukorofi wake husamehewa kwa kuwa moyo wake ni mkubwa. Kumbi zilijaa. Katika mwaka huo huo wa 1993 Adoor alitoa Vidheyan, ambamo Mammootty anamwigiza mwenye ardhi katili anayemnyang'anya maskini mke, heshima na hata hiari yake, mpaka mtumwa mwenyewe anaupenda utumwa. Filamu hizi zote zilizungumza na watazamaji wale wale. Inaelekea kwamba jamii iliyokwisha kuigawa nyumba ya ukoo, ikauza mbao zake na kupeleka vijana wake mbali, ilianza kuitamani kwa ndoto. Kuitamani nyumba ambayo hukuwahi kuruhusiwa kuingia ni jambo la ajabu kidogo, lakini tikiti za Devasuram zilinunuliwa pia na watu ambao babu zao walisimama nje ya ua.

Vijana hao walipelekwa wapi? Jibu ni Ghuba. Kabla ya kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973, wako waliokwenda kwa majahazi bila vibali, wakashushwa karibu na Khor Fakkan waogelee hadi ufuoni. Baada ya mwaka huo wimbi likawa kubwa. Utafiti wa uhamiaji wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba watu wa Kerala wapatao milioni 2.1 walikuwa wakiishi nje ya India, wengi mno katika nchi za Ghuba. Sinema iliyashughulikia mambo haya kwanza kwa kicheko. Katika Nadodikkattu (1987), iliyoandikwa na Sreenivasan na kuelekezwa na Sathyan Anthikkad, vijana wawili wasio na kazi wanamlipa tapeli awapeleke Dubai kwa jahazi; wanashuka ufuoni wamevaa kanzu kama Waarabu, na kumbe wamefikishwa Madras. Watazamaji walicheka kwa kuwa kila kijiji kilimjua mtu kama huyo. Varavelpu (1989), ya waandishi hao hao, haichekeshi sana: mhamiaji anarudi na akiba yake, ananunua basi, na nduguze pamoja na chama cha wafanyakazi wanammaliza. Kuna ukali fulani wa upande mmoja dhidi ya vyama vya wafanyakazi katika filamu hii, na mhakiki hana budi kuuona. Hata hivyo, swali linalouliza ni la haki: jamii inayoishi kwa fedha za mtu aliye mbali inamwonaje anaporudi na kutaka kuwa mtu tena?

Pathemari (2015) ya Salim Ahamed inalijibu swali hilo kwa huzuni. Neno pathemari lina maana ya jahazi. Narayanan anaondoka kwa jahazi akiwa kijana, anafanya kazi Ghuba maisha yake yote, anaoza dada, anasomesha watoto, anajenga nyumba, na anafia huko huko katika chumba cha vitanda vingi. Nyumba mpya ya zege iliyojengwa kwa fedha za Ghuba ndiyo tharavadu ya zama hizi, isipokuwa mwenyewe hakai humo. Aadujeevitham (2024) ya Blessy, iliyotokana na riwaya ya Benyamin ya mwaka 2008, inakwenda mbali zaidi, hadi jangwani nchini Saudia, ambako mhamiaji aliyedanganywa anafungwa kazi ya kuchunga mbuzi mpaka anasahau sauti yake mwenyewe. Msomaji wa Kenya, ambaye amesikia habari za mabinti wa kwao waliokwenda kuwa watumishi wa nyumbani katika nchi hizo hizo, hatazisoma filamu hizi kama habari za watu wa mbali. Gaddama (2011) ya Kamal, inayomhusu mtumishi wa nyumbani kutoka Kerala, ingeweza kuwa na mhusika wa Mombasa au Kakamega bila kubadilisha mengi. Kuna pia safari ya upande wa pili: Sudani from Nigeria (2018) ya Zakariya inamleta mchezaji kandanda wa Nigeria hadi Malappuram, ambako kila Mwafrika huitwa Msudani, na ambako mama wa Kiislamu anamuuguza kana kwamba amemzaa.

Katika mwongo wa pili wa karne hii, kamera ilirudi kwenye nyumba ikiwa na maswali mapya. Kammatti Paadam (2016) ya Rajeev Ravi inaonyesha jinsi mji wa Kochi ulivyojengwa juu ya mashamba ya Wadalit waliofukuzwa, mara nyingine kwa mikono ya vijana wao wenyewe waliokodiwa kuwa wahuni. Hapa kimya cha Elippathayam kuhusu ardhi kinapata jibu: mageuzi ya mwaka 1970 yaliwapa ardhi wapangaji, lakini vibarua waliolima, ambao wengi wao walikuwa Wadalit, waliambulia kiwanja cha kibanda tu. Mtu wa namna ya Rosy hakuwa kwenye hesabu.

Kumbalangi Nights (2019), iliyoandikwa na Syam Pushkaran, inalinganisha nyumba mbili. Ya kwanza haina mlango wala lipu, na ndugu wanne wanaishi humo kwa ugomvi. Ya pili ni safi, ina mwanamume nadhifu aitwaye Shammi, anayejiona kuwa mwanamume kamili na anayekaa mahali pa mkuu wa meza. Kadiri hadithi inavyoendelea, nyumba chafu inakuwa kimbilio na nyumba safi inakuwa gereza. Mwishowe Shammi ananaswa kwa wavu wa kuvulia samaki. Haiwezekani kuutazama wavu huo bila kumkumbuka Unni na mtego wake wa panya. Tofauti ni kwamba Unni alikuwa mkabaila aliyepitwa na wakati, ilhali Shammi ni mtu wa kisasa mwenye kazi yake, na mfumodume wake hauhitaji shamba.

The Great Indian Kitchen (2021) ya Jeo Baby imeingia jikoni na kukaa humo. Mke mpya, ambaye hapewi jina, anakata, anasaga, anapika, anaosha na anafagia. Mkwewe anataka wali upikwe kwa kuni na nguo zifuliwe kwa mikono, ingawa mashine ipo. Bomba la sinki linavuja. Mume anaahidi kumwita fundi na hamwiti. Mume huyo ni mwalimu, naye huwafundisha wanafunzi maana ya familia. Filamu inarudia kazi zile zile mpaka mtazamaji anachoka, na uchovu huo ndio hoja yake. Siku wanaume wanapojiandaa kwa hija ya Sabarimala, mwanamke anawamwagia maji machafu ya sinki na kuondoka. Mtu aliyeitazama Elippathayam atatambua kwamba huyu ni Rajamma, baada ya miaka arobaini, na safari hii anaondoka kwa miguu yake. Lakini onyesho la mwisho linamrudisha mume jikoni na mke mwingine, naye mke huyo anaosha kikombe. Filamu hiyo ilikataliwa kwanza na majukwaa makubwa ya mtandaoni, ikaonyeshwa na jukwaa dogo la Kimalayalam tarehe 15 Januari 2021, ndipo ikavuma.

Wakati jikoni likichunguzwa hivyo kwenye skrini, wanawake waliofanya kazi nyuma ya skrini walikuwa na kesi yao. Mwezi Februari 2017 mwigizaji mmoja wa kike alitekwa na kudhulumiwa kimwili ndani ya gari. Wanawake wa tasnia hiyo wakaunda chama chao, Women in Cinema Collective, na kutokana na madai yao serikali ya jimbo ikaiteua kamati iliyoongozwa na Jaji K. Hema ichunguze hali ya wanawake katika sinema ya Kimalayalam. Kamati iliwasilisha ripoti yake Desemba 2019. Ripoti hiyo ilifungiwa ofisini kwa zaidi ya miaka minne, na ilipotolewa hadharani mwezi Agosti 2024, kurasa kadhaa zilikuwa zimeondolewa. Miongoni mwa yaliyoelezwa humo ni wanawake kukosa vyoo na mahali pa kubadilishia nguo kwenye maeneo ya kupigia filamu. Mwaka 2019, miezi kabla ya ripoti kukabidhiwa, chama hicho cha wanawake kilianzisha jumuiya ya kutazama na kujadili filamu, kikaipa jina la P. K. Rosy.